Folda Iliyofunguka Bila Hodi

Bwana Tone alikutwa ameinamia meza yake, shavu limelalia daftari, kidole kimoja bado kimenasa kwenye mkono wa kikombe. Chai nusu ilikuwa imemwagika. Nusu iliyobaki ilikuwa imepoa.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, katika maabara ya maji ya mji.

Inspekta aliingia akiutanguliza mguu mzima na kuuburuta ule wenye goti bovu. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, amebakiza miezi minne astaafu. Askari wadogo walimwita Bibi Vitendawili, ila si mbele yake.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Mkemia mkuu, Afande," Sajini alijibu. "Wenzake walimwita Bwana Tone. Alikuwa na msemo wake: tone moja likikosewa, pipa zima limekosewa."

"Nani alimkuta?"

"Mpimaji wake. Yule dada aliyekaa chini pale ukutani. Wanamwita Chiriku, kwa kuwa huimba akipima. Huimba au aliimba, maana tangu afiwe na mtoto mwezi uliopita hajasikika."

Daktari wa polisi alikuwa ameshavaa glavu. Alifunua jicho la marehemu, akatazama midomo, kisha akasogeza pua kwenye kikombe na kuirudisha haraka.

"Sumu," alisema. "Ya upesi. Vipimo vitathibitisha, lakini mimi sina shaka. Hakumaliza hata kikombe."

"Ilitoka wapi?"

Sajini alionyesha kabati la kemikali kali, la chuma, lenye kufuli. Lilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikaa nao Naibu wa mkemia. Wa pili, wa marehemu, ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mchana kutwa, kwa miaka.

"Kufuli hilo ni pambo," Inspekta alisema. "Chai aliipika nani?"

"Wana zamu. Leo ilikuwa ya Chiriku. Aliipika, akaimimina, akampelekea kila mtu mezani kwake."

"Wangapi waliinywa?"

"Ofisi ina watu nane. Wote walikunywa ya chupa moja. Saba wazima, mmoja ndiye huyo."

"Basi chupa haina hatia. Sumu ilitiwa kikombeni."

Vikombe vilikuwa vimepangwa rafuni, kila kimoja na jina lake kwa rangi nyekundu. Yeyote angeweza kuchagua wa kumuua bila kukosea.

Inspekta aliufuata mwili mochwari. Sajini alibaki kupekua. Na Sajini, msimlaumu sana, alikuwa mtu wa kupenda kesi ziishe kabla ya chakula cha mchana.

*

Saa kumi jioni alimletea Inspekta karatasi tatu.

"Kesi imekwisha, Afande."

"Ikiisha nitaona mwenyewe. Soma."

"Ofisini pale kila mfanyakazi ana folda yake kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa wanayoitumia wote. Kwenye folda yenye jina la Chiriku tumekuta barua tatu. Zimeandikwa wiki iliyopita, hazikutumwa." Alisoma: "'Ulisema maji ya Kisima cha Saba ni safi. Mwanangu aliyanywa akafa. Ulichotunywesha, nawe utakinywa.'"

Inspekta alizivuta karatasi upande wake.

"Mtoto wake alikufa kwa homa ya matumbo," Sajini aliendelea. "Anakaa hatua mia kutoka kisima hicho. Saini ya 'safi' ni ya marehemu. Chai aliipika yeye, alama za vidole kikombeni ni zake. Nimemweka ndani. Kesho saa nane mchana anafikishwa mahakamani kwa mauaji."

"Barua ulizionaje? Uliingiaje humo?"

"Naibu alinisaidia. Mzee mwungwana sana. Alilia kama mtoto."

"Niachie daftari lako la upekuzi."

"Lote, Afande?"

"Hata ulipoandika kwa mwandiko wa kuku."

*

Jumanne saa mbili asubuhi, kelele ya mtoto mchanga ilikuwa imejaa kituo. Mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama kaunta, mjukuu mgongoni, akibishana na askari wa zamu.

"Dada yangu," alimwambia Inspekta alipomwona, "mimi sijui sheria. Ninachojua, huyu ana miezi mitano na tangu jana anakataa chupa. Mama yake yumo humo ndani na maziwa yanamwagika bure. Kama mwanangu ameua, basi hata huyu mchanga ameua?"

"Mpe mama yake mtoto," Inspekta alimwambia askari.

"Taratibu, Afande..."

"Taratibu nilizikuta nikiwa sijaolewa. Mpe mtoto."

Kwa hiyo Chiriku alihojiwa akinyonyesha. Alikuwa mwembamba, kanga imefungwa upande, macho yamevimba. Mezani kulikuwa na zile karatasi tatu, zimegeuzwa chini.

"Ulimpelekea marehemu chai saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

"Ulikitoa wapi kikombe chake?"

"Rafuni. Vyote nilivikuta vimeoshwa, vimepangwa. Nilimimina tu."

"Uliangalia ndani?"

"Nani huangalia ndani ya kikombe chake cha kila siku, mama?"

"Ulikuwa na ugomvi naye?"

"Na Bwana Tone? Alinifundisha kazi. Nilipofiwa, alikaa nasi siku tatu."

"Wengine walikuja?"

"Wote. Naibu ndiye aliyebeba jeneza, begani, peke yake. Lilikuwa dogo."

Inspekta alizigeuza karatasi. "Hizi uliandika lini?"

Chiriku alisoma ya kwanza. Alisoma polepole, midomo ikicheza kama ya mtoto wa shule. Alipofika mstari wa pili alisimama. Akaurudia.

"Maji?" alisema.

"Nakuuliza uliandika lini."

"Ni maji yaliyomuua mwanangu?"

Inspekta alimtupia Sajini jicho.

"Mama, nijibu! Hospitali waliniambia homa ya matumbo. Nikauliza kazini, jamani, isiwe Kisima cha Saba? Naibu akanionyesha jedwali la vipimo. Akaniambia, mwanangu, soma mwenyewe, kisima safi. Nikajua basi ni mimi. Nilimnunulia kipande cha tikiti barabarani, kimekaa na nzi. Mwezi mzima najiambia nimemuua kwa tikiti." Alimfunika mtoto kwa kanga. "Tunachota hapohapo mpaka leo. Hata jana asubuhi nilichota."

Sajini, aliyekuwa akiandika, aliacha kalamu.

"Sajini," Inspekta alisema bila kugeuka. "Chukua askari wawili. Nendeni Kisima cha Saba, mtie mnyororo kwenye pampu. Mtu akibisha, mwambie maji yana kesi."

"Lakini Afande, hatuna uthibitisho kwamba..."

"Aliyeandika barua hii alijua maji ni mabaya. Huyu hapa amejua sasa hivi, mbele yako. Nenda!"

Sajini alikwenda mbio.

*

Machozi si ushahidi. Hakimu hapokei moyo wa mama kuwa kielelezo, na Inspekta alilijua hilo. Saa ya ukutani ilisema saa tatu. Zilibaki saa tano.

Alifungua daftari la Sajini. Mwandiko ulikuwa wa kuku kweli, tena kuku aliyefukuzwa.

*Tumetumia kompyuta ya Naibu kwa hisani yake. Tumefungua seva. Folda zipo nane. Saba zinaitwa Nyaraka Zangu. Moja inaitwa Chiriku. Tumejaribu tatu za Nyaraka Zangu, zimekataa, hatuna ruhusa. Ya Chiriku imefunguka. Ina barua tatu, hakuna kingine.*

Inspekta alisoma mara mbili. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sketi, akasoma mara ya tatu.

Sajini aliporudi, viatu vimejaa matope, alimkuta bado ameinamia ukurasa huohuo.

"Kisima kimefungwa, Afande. Wametutukana kwelikweli. Bibi mmoja amenimwagia ndoo."

"Atakuja kukuombea dua. Kaa. Kitendawili."

Sajini alivuta pumzi. "Tega."

"Nyumba nane mtaa mmoja, saba zote zinaitwa Kwangu."

"Hizo folda."

"Vizuri. Kwa nini zote zinaitwa Nyaraka Zangu?"

"Naibu alisema kompyuta ndiyo huziita hivyo."

"Haya. Kingine. Mlango gani haungoji hodi?"

Sajini alifikiri. "Mlango ulio wazi?"

"Hapana."

"Mlango wa jela?"

"Huo ndio unaongoja kuliko yote. Fikiri. Ulijaribu milango mitatu ikakataa. Wa nne ukafunguka wenyewe. Ulikuwa kwenye kompyuta ya nani?"

"Ya Naibu." Sajini alikunja uso. "Mlango usiongoja hodi ni... wa nyumbani kwako."

"Na jambo jingine. Dada yule amefanya kazi pale miaka sita. Folda yake ina karatasi tatu tu? Mimi kikapu changu cha sokoni kina vitu zaidi."

*

Chumba cha seva kilikuwa stoo zamani. Kilikuwa na baridi ya kuumiza goti, na mashine moja nyeusi iliyounguruma kama paka aliyeshiba. Mtu wake alikuwa fundi mfupi, kichwa kizima cheupe kwa mvi, bisibisi sikioni. Walimwita Fundi Waya.

"Nieleze kama unamweleza mjukuu wako," Inspekta alisema. "Kwa nini folda saba zina jina moja?"

"Ah, hilo, mama, ni ugonjwa wa siku nyingi. Kila mtu akiwa kwenye kompyuta yake, folda yake inaitwa Nyaraka Zangu. Kwake ni sawa, ni zake. Shida ni ukiziangalia zote pamoja hapa. Kila moja inajitangaza kwa jina lilelile. Kama watoto mlangoni usiku. Nani? Mimi! Mimi nani? Mimi!"

"Utamjuaje yupi ni yupi?"

"Kwa jina la kweli. Unaloliona hapo si jina, ni kibandiko. Ndani ya kila folda mna faili dogo lililofichwa, ndilo linaloiambia kompyuta ionyeshe maneno gani. Jina la kweli liko chini, nami huliandika kwa cheo cha mtu siku anapoajiriwa. Halibadiliki kwa kubadili kibandiko."

"Na Chiriku? Hicho ni cheo?"

Fundi Waya alitazama kioo. Alikuwa hajakiangalia tangu Jumatano. "Hapana," alisema polepole. "Mimi sijaandika Chiriku mahali popote. Hilo ni jina la utani."

"Mtu anaweza kutia barua kwenye folda ya mwenzake?"

"Hawezi. Kila mmoja anaingia kwake tu, isipokuwa mimi."

"Anaweza kubadili kibandiko cha mwenzake?"

"Hicho nacho kimo ndani. Hawezi."

"Cha kwake mwenyewe?"

"Hicho anaweza kuandika anachotaka, hata Mfalme wa Dunia." Kisha bisibisi ilimdondoka sikioni. "Mama yangu wee."

"Sema."

"Mtu mmoja tu niliwahi kumwonyesha namna ya kuandika kibandiko. Mwaka juzi. Alisema hizi folda zinamchanganya, anataka ya kwake aipe jina. Nikamfundisha hapahapa, kwenye kiti hiki. Nilimfundisha kibandiko. Jina la chini sikumwambia, sikuona kama lina maana."

"Usimtaje. Nionyeshe la chini."

Fundi alifungua kwenye kioo dirisha jeusi lisilo na picha wala rangi, akaandika neno moja. Majina manane yakajipanga, meupe juu ya weusi. Hapakuwa na Nyaraka Zangu. Hapakuwa na Chiriku. Palikuwa na *mkemia*, *mpimaji*, *karani*, *naibu* na wengine. Akauliza mashine barua tatu zimo wapi.

Zilikuwa ndani ya *naibu*. Mmiliki: *naibu*. Zimeandikwa Alhamisi mchana.

Sajini alitoa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari.

"Chukua nakala ya kila kitu, tia lakiri," Inspekta alimwambia. "Fundi, sasa nifungulie *mpimaji*."

Folda ya Chiriku ya kweli ilikuwa na miaka sita ya vipimo, mwezi kwa mwezi, haijarukwa hata siku. Pembeni palikuwa na picha moja. Mvulana amesimama na ndoo kichwani, meno mawili ya mbele hana, anacheka.

"Na *mkemia*?"

Folda ya marehemu ilikuwa na barua kwa wakubwa wake, bado haijatumwa. Inspekta aliisoma akiwa amesimama, na goti lake akalisahau.

*

Naibu alikuwa ofisini kwake, suti nyeusi, tai nyeusi. Alikuwa na uso wa babu anayegawa pipi. Aliinuka kuwapokea.

"Karibuni. Vipi yule binti? Nimekosa usingizi. Huzuni humtia mtu wazimu, Afande, tumhurumie."

"Tutamhurumia. Naomba uiwashe kompyuta yako, unionyeshe ulivyomwonyesha Sajini. Mimi mtu mzima, haya mambo hayaniingii."

"Bila wasiwasi."

Folda nane zikatokea. Inspekta akaweka kidole kwenye kioo. "Hii."

Naibu akabonyeza. Mashine ikakataa.

"Na hii?"

Ikakataa.

"Na hii ya Chiriku."

Ikafunguka.

"Kitendawili, Naibu."

"Tega," alijibu, akitabasamu kidogo.

"Mlango gani haungoji hodi?"

Tabasamu lilibaki mdomoni peke yake, macho yakaliacha. "Sijui, Afande."

"Sajini anajua. Fundi, ingia."

Fundi Waya aliingia bila kumtazama. Alipitisha mkono mbele ya Naibu, akafuta lile faili dogo lililofichwa, akabonyeza mara moja. Kioo kikapepesa. Neno *Chiriku* likatoweka, kama karatasi iliyobanduliwa ukutani. Chini yake likabaki neno moja: *naibu*.

Naibu alilitazama kwa muda. Kisha akalegeza tai.

"Sikujua kwamba lipo," alisema.

"Jina la kweli huwapo, hata likifunikwa. Keti. Nakuonya, utakalosema litaandikwa na litatumika mahakamani. Kwa nini ulimuua?"

"Alinipa mpaka Jumatatu."

"Mpaka Jumatatu ufanye nini?"

"Twende pamoja kwa wakubwa. Yeye kwa miguu yake, mimi kwa yangu. Alisema nisipokwenda, atakwenda na majina."

"Majina gani?"

Sajini aligonga meza kwa kalamu. "Majina gani, mzee?"

"Ya watoto waliokufa. Wanne."

"Twende taratibu," Inspekta alisema. "Kazi ya kuchota maji visimani kwa ajili ya vipimo ni ya nani?"

"Yangu. Visima kumi na viwili, kila mwezi."

"Kisima cha Saba ulikwenda lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya mvua." Alijifuta jasho. "Kule ni bondeni. Njia ni matope, mimi mtu mzima, nilianguka mara moja wakanicheka wale wanawake na ndoo zao. Nikasema mwezi huu sishuki. Kisima hakijawahi kuwa na tatizo miaka yote."

"Na chupa ulileta."

"Nilileta."

"Ulizijaza wapi?"

"Bombani. Hapa nje, kwenye korido."

Fundi Waya aliweka mkono ukutani.

"Miezi mitatu," Inspekta alisema. "Chupa zinakwenda kwa mpimaji na namba tu, bila jina la kisima, ili asipendelee. Yule dada akapima maji ya bomba kwa mikono yake, akaandika safi. Nawe ukaandika jedwalini: Kisima cha Saba. Kibandiko juu ya kibandiko."

"Bomba la maji machafu lilipasuka huko juu ya kisima. Ningejuaje?"

"Ungeshuka. Bwana Tone alijuaje?"

"Klorini. Chiriku huandika kila kitu. Maji ya bomba yana klorini, kisima hakitiwi. Alikaa akilinganisha namba na majina, akaona kisima kinatoa maji yenye dawa ambayo hakuna aliyeitia. Akanijia Jumatano. Hakunigombeza. Angenigombeza ningeweza kuvumilia. Alilia, akasema hata mimi nilitia saini bila kuangalia, twende tukaseme wote."

"Ukamtilia sumu."

"Jumatatu nilifika wa kwanza. Nikavipanga vikombe. Chake nikakitia kidogo chini."

"Na barua Alhamisi."

"Nilihamisha vitu vyangu, nikaacha barua peke yake. Nikaandika jina lake juu."

"Kwa nini yeye?"

Naibu alitazama dirishani. Kwenye korido, bomba lilikuwa likidondoka kwenye ndoo.

"Kwa sababu ndiye aliyekuwa na sababu," alisema. "Wengine hawakuwa na sababu ya kumuua."

"Sababu hiyo alipewa na nani?"

Naibu aliishika tai yake.

"Mwanawe ni mmoja wa wale wanne. Ulibeba jeneza lake."

"Sikulala siku ile."

"Ukaamka, ukamwonyesha mama yake jedwali. Ukamwacha ajilaumu kwa kipande cha tikiti. Ukamwacha aendelee kuchota. Kisha ukataka anyongwe. Bwana, wewe ulimuua mtoto kwa uvivu. Wengine huishia hapo, wakatubu. Wewe uliona aibu kubwa kuliko kaburi."

"Watu wangenionaje?" Naibu alisema kwa sauti ndogo. "Miaka thelathini wananiita mzee mwungwana."

"Hicho nacho kilikuwa kibandiko," Inspekta alisema. "Sajini, mfunge pingu."

*

Saa saba na nusu, Chiriku alisaini kitabu cha kituo, akarudishiwa kanga ya pili na simu. Inspekta alimkalisha benchi, akampa barua ya Bwana Tone aisome mwenyewe. Haikuwa ndefu. Mwishoni yalikuwa majina manne na umri wa kila mmoja. La tatu lilikuwa la mwanawe, miaka saba.

Alilipitisha kidole. Hakulia. Alikuwa ameshalia yote.

"Haikuwa tikiti," alisema.

"Haikuwa tikiti, mwanangu."

"Wengine wangapi wanaumwa sasa?"

"Zahanati wanasema kumi na tisa. Kisima kimefungwa tangu asubuhi."

"Hawatakubali kifungwe bila jibu la maabara. Nawajua. Usiku watakata mnyororo. Nani atapima?"

Inspekta alifikiri. Mkemia yuko mochwari. Naibu yuko selo. "Sijui," alikiri.

Chiriku alimfunga mtoto mgongoni mwa bibi yake. "Mama, nipeleke kwanza maabara, halafu bondeni. Nataka chupa moja tupu, na kalamu ya wino usiofutika."

"Pumzika leo, dada," Sajini alisema. "Matope yale nimeyaona."

"Na wewe ulinifunga kwa folda isiyo yangu," Chiriku alimwambia. "Kaa kimya ushike tochi ya kuangalia chini ya pampu."

Sajini alishika tochi.

Njia ilikuwa mbaya kama alivyosema Naibu, na hata zaidi. Inspekta aliteleza mara mbili na goti lake. Chini, wanawake walikuwa wamesimama na ndoo tupu, wamekasirika, na walipomwona mwenzao aliyekamatwa jana wakanyamaza wote. Askari alifungua mnyororo. Chiriku alisukuma pampu mara nyingi, kama alivyofundishwa, mpaka maji yaliyolala ndani ya pampu yakaisha na ya kisima yenyewe yakaanza kupanda. Yalikuwa maangavu. Ungeweza kuyapenda.

Alijaza chupa, akaifunga, akaifuta kwa kanga. Kisha akaibandika karatasi, na palepale, mbele ya wanawake wote, akaandika juu yake mahali alipochota. Hakuandika namba.

Jibu lilitoka Alhamisi. Chini ya jedwali, penye nafasi ya jina la aliyechota, jina la aliyepima na jina la aliyethibitisha, palikuwa na mwandiko mmoja mara tatu. Juu yake, kwa wino mweusi: *Kisima cha Saba. Si safi.*